Kilomita Themanini za Amani

Watu huniuliza kama kulikuwa kuzuri. Wameona kile kipeperushi cha kampuni ya utalii: mchanga mweupe, maji ya kijani, na nyayo za wanawake wawili zikielekea mbali. Nyayo kubwa ni za Awiti. Zile ndogo zinazopinda kwa ndani ni zangu. Hapa Uthiru ninakokaa sasa, mama muuza mboga amekibandika kwenye kibanda chake, na kila nikipita ananiita, "Mama Kavindu, kwani huko Pwani ni kuzuri hivi kweli?" Ndiyo, ni kuzuri. Ni kuzuri hadi inaudhi. Nikishamwambia hivyo nanunua sukuma wiki yangu naenda zangu, kwa sababu yaliyobaki si ya kusimuliwa nimesimama juani.

Basi nikae niyaseme.

Naitwa Nthenya. Kwetu ni Kitui, ambako mtu akisema kuna maji mengi ana maana pipa limejaa. Nairobi niliishi Kibera miaka kumi na minne, upande wa Makina, chumba cha tatu kutoka msikiti mdogo, na kazi yangu ilikuwa Soko la Toi, kupunguza nguo za mitumba. Mtu ananunua suruali iliyokuwa ya Mzungu mwenye kitambi, analeta kwangu, na baada ya dakika ishirini anaondoka ameivaa utadhani ilikatwa kwa mwili wake. Marehemu mume wangu aliniachia binti mmoja, Kavindu, ambaye yuko shuleni kwa nyanya yake kijijini, na chumba kile. Si cha kununua, ni cha kupanga, lakini mlango niliupaka rangi mimi na sakafu nikaimwagia saruji mimi. Nikisema nyumbani, nasema pale.

Toi iliungua katika vurugu, siku chache baada ya kura ya 2007, na cherehani yangu ikaungua nayo. Nikajipa moyo. Kisha Januari mwanasiasa mmoja wa kwetu akakubali cheo katika serikali ambayo majirani zangu walisema imewaibia kura. Mimi huyo bwana sijawahi kumwona ila kwenye gazeti la kufungia nyama. Hata hivyo kufikia kesho yake nilikuwa msaliti. Nilipoamka nilikuta mlango wangu, ule niliopaka rangi kwa mkono wangu, umechorwa alama kubwa ya mkasi kwa makaa, ile X ya mtu anayetakiwa kuhama. Hakuna aliyejua nani kaichora. Watu ishirini wanaochota maji mbele ya mlango huo kila asubuhi, wote walikuwa wamelala fofofo!

Siku hiyo hiyo akanipigia simu Musyoka, mdogo wake marehemu mume wangu. Yeye ni mwangalizi wa ploti huko Kongo, Kawangware; ndiye mwenye funguo na ndiye anayejua nani anahama.

"Shemeji, usilie," akaniambia. "Keja imepatikana. Hapa kuna mama Mjaluo anataka kuenda Kibera kwa watu wake. Mnabadilishana tu. Yeye aingie kwako, wewe uingie kwake. Ongea na yeye."

Sauti ya mwanamke ikaja. Ikasema, "Sawa. Mimi niko tayari. Njoo." Basi, hayo tu.

Msishangae. Siku hizo ilikuwa ni kawaida. Mitaa ilikuwa inajitenga kama maziwa yaliyoganda, na watu walitafutana kwa simu: wewe huwezi kukaa huku, mimi siwezi kukaa kule, lete funguo nikupe zangu. Tulikutana Ngong Road saa nne asubuhi, mkokoteni wangu na mkokoteni wake, mmoja ukielekea Kawangware na mwingine Kibera. Alikuwa mwanamke mrefu, jina lake Awiti, na watoto watatu wameketi juu ya magodoro. Nikamwambia asante. Akanipa ufunguo wake, akachukua wangu, akatazama barabara. Nikasema moyoni, huyu ana maringo.

Nikaingia chumbani kwake; kitanda alikuwa amekiacha, kama nilivyoacha changu. Ukutani palikuwa na mistari ya chaki, urefu wa watoto wake kwa majina, na harufu ya omena haikutoka hata nilipousugua ukuta kwa sabuni. Musyoka alikuja kunisaidia kupanga vitu. Nilimshukuru sana. Kavindu alipokuja likizo fupi ya katikati ya muhula na kuku kutoka kwa nyanya, jogoo mwekundu, nilimpelekea Musyoka akiwa hai, miguu imefungwa. Hilo la jogoo linaniuma mpaka leo.

Mwisho wa Februari wakubwa wakashikana mikono mbele ya kamera, na Machi kukawa na amani kila mahali, yaani mabango. Musyoka akafanywa mwenyekiti wa kamati ya amani ya mtaa. Ndipo akaniletea msichana mmoja anayeitwa Marion, nadhifu, simu mbili mkononi, kutoka kampuni fulani ya kutembeza watalii Pwani. Watalii walikuwa wamekimbia wote. Kampuni ilikuwa imefungua njia ya miguu kando ya bahari, kutoka Shimoni mpaka Likoni, kilomita themanini, siku sita, na hapakuwa na mguu hata mmoja wa kuipita.

"Sasa mathee! Musyoka ameniambia hiyo story yenu," Marion akasema akiketi kitandani, kitandani kwa Awiti. "Mlibadilishana keja, Mkamba na Mjaluo, bila vita. Hiyo ni noma! Tunataka mtembee pamoja. Dunia nzima ione Kenya imetulia."

Nikamuuliza mimi napata nini.

Nilitarajia aseme viatu. Akaniuliza, "Wewe unataka nini?"

"Nataka kurudi kwangu, Makina."

Hakusita hata kidogo. Alisema nikimaliza kutembea, kampuni na kamati za amani za mitaa yote miwili zitanipeleka mpaka mlangoni, na kamera mbele, na Awiti atarudishwa Kongo vilevile. "Nani atawagusa mkiwa kwa TV?" Musyoka alikuwa amesimama mlangoni akatikisa kichwa kukubali, akitabasamu. Kwa ahadi ile ningetembea mpaka Mogadishu.

Tulikuwa tuwe watu kumi kutoka mitaa mbalimbali. Wanane walikuwa na akili zao, hawakuja. Tukawa mimi na Awiti, Marion, mpiga picha mmoja aliyelalamikia joto tangu dakika ya kwanza, na mwongozaji wetu, Mdigo wa huko huko, Nyamawi, mtu wa rika langu, mcheshi, anayejua kila jiwe. Marion alitupa viatu vya kutembelea, "vipya kabisa". Viatu mimi navijua. Vilikuwa mitumba, tena soli zimegundishwa upya na kupakwa rangi pembeni. Nikavaa nikanyamaza, maana nilikuwa na pa kwenda.

Sasa niwaambie ukweli kuhusu ile njia. Inatoka Shimoni ikipita juu ya majabali ya matumbawe, makali kiasi cha kukata kitambaa; inashuka ufukweni ambako kaa wadogo wanakimbia kiubavuubavu; inaingia kwenye mikoko, ambako mizizi imesimama juu ya tope; inatokea kwenye minazi na mashamba ya muhogo, na juu mitini wamekaa mbega, wale nyani wenye joho jeupe na jeusi, wakikutazama kama mahakimu. Upepo mtamu. Maji yanabadilika rangi kila unapogeuza kichwa. Mimi nililia siku ya kwanza, na Marion akamwita mpiga picha anipige nikilia. Alidhani ni furaha. Nilikuwa nimepandwa na hasira. Miaka arobaini na mbili ni raia wa nchi hii na hakuna aliyewahi kuniambia hiki nacho ni changu. Na kila tulipopita mbele ya hoteli, askari alitoka kutuuliza twaenda wapi. Hoteli zilikuwa tupu! Vitanda vimetandikwa shuka nyeupe vyumba hadi vyumba, mtu hakuna, na kule Nairobi, Jamhuri Park, watu walikuwa wanalala kwenye hema na watoto wachanga. Nikamwambia Marion. Akasema, "Ni kweli, inasikitisha," akaangalia simu.

Mimi na Awiti hatukuzungumza. Tulitembea bega kwa bega kwa sababu mpiga picha alitaka bega kwa bega. Nilimwona kama mtu anayelala kwenye kitanda changu, anayefungua dirisha langu, na yeye sijui alinionaje. Neno lake la kwanza lilikuwa ugomvi, na hakugombana nami, aligombana na Nyamawi, juu ya maji.

Awiti amezaliwa kisiwa cha Mfangano, katikati ya ziwa. Mbele ya bahari alijichukulia mwenyeji. Nyamawi alipotueleza kwamba bahari hukupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kwamba pale tulipokanyaga asubuhi pangeweza kuwa na maji ya kumfunika mtu mchana, Awiti alicheka mpaka akashika magoti.

"Yawa! Maji iende wapi, halafu irudi? Imesahau kitu?"

"Ndiyo bahari, mama. Inakwenda na kurudi."

"Huo ni upepo," Awiti akasema. "Upepo ikivuma, inasukuma maji huku pwani. Ikitulia, maji inatulia. Nimekulia kwa maji, wewe usinifundishe."

Nyamawi akacheka naye, akamwachia. Na mimi, mtu wa Kitui, nilimwamini nani? Nilimwamini Awiti. Alizungumza kama mtu anayejua, na mchana ule maji yalipokuja karibu kweli kulikuwa na upepo. Tena Nyamawi alikuwa mtu wa hadithi. Alikuwa ametuambia pia kuhusu pweza aliyepanda mnazi.

Siku ya tatu, baada ya kupita Msambweni, mpiga picha alikanyaga kile kidude cheusi cha baharini chenye miiba. Alipiga kelele kama anachinjwa. Nyamawi akambeba mgongoni kumpeleka kijijini wakamtie utomvu wa papai, na Marion akawafuata akitafuta mtandao. Kabla hajaondoka Nyamawi alitugeukia.

"Kaeni papa hapa juu. Chini ya jabali hilo msipite, maji yashaanza kujaa."

Tulikaa. Jua la saa nne lilikuwa linachoma utosi na hapakuwa na mti. Ng'ambo ya lile jabali, mahali njia inapozunguka kwa chini, tuliona minazi na kivuli cheusi kizuri. Awiti akalamba kidole, akakiinua hewani.

"Hakuna upepo hata kidogo," akasema. "Leo maji haiji. Twende tukae kwa kivuli."

Nikamfuata.

Mtu akisikia habari ya kujaa maji anafikiri wimbi linakuja likinguruma. Haliji hivyo. Yanakuja kimya, kama beseni linalojaa chini ya bomba ukiwa umegeuka. Tulikuwa tumefika katikati ya jabali, ukuta mkono wa kushoto, nikahisi baridi kwenye vidole. Nikatazama chini, maji kwenye vifundo. Nikatazama nyuma, pale tulipotoka hapakuwapo tena. Mpaka tunaanza kukimbia yalikuwa magotini, na yalikuwa yanavuta.

"Awiti!"

"Panda! Panda juu!"

Kulikuwa na kibaraza cha jiwe kimechomoza ukutani, usawa wa kichwa cha Awiti. Alinisukuma matakoni kama gunia, nikashika matumbawe yakanichana viganja, nikapanda. Nikamvuta na yeye. Tukaketi, miguu ikining'inia, na chini yetu bahari ikajaza nafasi yote kwa raha zake, jua likiwaka, anga buluu, upepo hakuna hata wa kutikisa nywele.

Nilimrukia kwa maneno. "Wewe si ni mtu wa maji? Si umekulia kwa maji?"

"Yangu haifanyi hivi!" akasema, na macho yalikuwa yamemtoka. Alitukanwa na maji, ndivyo alivyoonekana, na mimi nilicheka kwa hofu na kwa hasira mpaka machozi yakanitoka. Yeye pia akacheka.

Tulikaa pale tangu saa tano mpaka saa kumi. Huwezi kukaa na mtu saa zote hizo kwenye jiwe lenye upana wa meza, kimya. Nikamwambia yale yaliyokuwa yamenikaa rohoni.

"Siku ile tunapeana funguo, nilikusalimia ukatazama barabara. Na ni wewe ulisema kwa simu uko tayari. Kama hukutaka kuhama, ungesema."

Awiti akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Januari. "Ulisikia nini kwa simu?"

"Ulisema sawa. Uko tayari. Nije."

"Haya. Sasa nikuambie nani alisema." Akaanza kupangusa chumvi mikononi, polepole. "Huyo Musyoka alikuja na wanaume wanne. Wakaingia wakafunga mlango. Mmoja akamshika Obonyo wangu, yule mdogo, akamweka mapajani, akawa anamkuna kichwa. Hakumpiga. Alikuwa anamkuna tu. Musyoka akanishikia simu kwa sikio. Akaniambia, sema sawa, sema uko tayari, sema njoo. Nikasema sawa, mimi niko tayari, njoo. Halafu akakata, akaniambia nina mpaka kesho saa tatu."

Nilitaka kusema anadanganya. Lakini maneno yalikuwa yale yale, kwa mpangilio ule ule, na kama angeyasema kwa hiari yake angeongeza hata salamu. Nani anayempa mtu nyumba yake bila kumwambia dirisha halifungi vizuri, jihadhari na panya, mwenye ploti huja tarehe fulani? Mimi ni mtu mzima. Ningejua. Sikujua kwa sababu nilikuwa na shida ya chumba, na mwenye shida hachunguzi anachopewa.

Nikamwambia kuhusu jogoo. Sijui kwa nini nilimwambia. Akauliza, "Alikuwa mnono?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi Musyoka alikula vizuri kwa mgongo wetu sisi wawili."

Kisha nikamuuliza langu. "Nani alichora mlango wangu?"

Akaendelea kupangusa chumvi mikononi.

"Awiti. Unaishi pale. Lazima umesikia."

"Nimesikia. Walikuja wenyewe kuniambia, wakicheka, wakitaka niwashukuru." Alitazama maji. "Lakini sitakuambia. Wewe utarudi Kongo useme, na mimi nalala nao mlango kwa mlango. Watoto wangu wanacheza na watoto wao."

"Mimi nimesikia ubaya wa shemeji yangu, sikuziba masikio!"

"Wewe hujasema kitu bado, Mama Kavindu. Umesikia tu."

Nilimkasirikia kiasi kwamba kama kibaraza kingekuwa kipana ningehamia upande mwingine. Hakikuwa kipana. Tukakaa tumeshikana mikono kwa sababu jiwe lilikuwa linateleza.

Maji yalipopwa Nyamawi akatufikia akiyakata kiunoni, amefura kwa hasira, anatutukana Kidigo, na mimi nilimpenda kwa hilo, alikuwa mtu wa kwanza safari nzima kujali kama tutakufa. Marion alisimama juu ya jabali. "Mamathee jamani!" akatuita. "Mngekufa! Na hakuna hata mtu alipiga picha!"

Tukamaliza. Gazi, Diani, Tiwi, Likoni. Siku zile tatu za mwisho sikuona uzuri wowote, nilikuwa napanga maneno. Likoni, mbele ya kivuko, Marion alitupa kila mmoja karatasi iliyochapwa. Ilikuwa ya kusomwa Jumamosi, kwenye sherehe huko Kawangware, mbele ya wafadhili na kamati za amani. Iliandikwa hivi: Sisi, Nthenya na Awiti, tulipoona taifa linachomeka, tuliamua kwa upendo na kwa hiari yetu kubadilishana nyumba zetu.

"Na kurudi kwangu iko wapi hapa?" nikauliza.

Marion akavuta pumzi kama mtu anayemweleza mtoto. "Mathee, wafadhili wameipenda sana hii ya kubadilishana. Wanataka kuifanya na mitaa mingine. Sasa nyinyi mkirudishana tena, si story inaharibika? Tutaangalia baadaye."

Kwa hiyo nilitembea kilomita themanini ili nithibitishe kwamba nilipenda kufukuzwa. Kutoka Kongo mpaka mlango wangu wa Makina ni mwendo wa saa moja na robo, nimeupima kwa miguu miaka yote nikienda na marehemu mume wangu kumsalimia Musyoka. Huo ndio mwendo ambao hakuna kampuni, hakuna kamati, hakuna kamera iliyoweza kuutembea na mimi!

Safarini kurudi Nairobi nikamwambia Awiti nitasema. Hakunikataza. Alisema, "Mimi usinitaje kitu cha Kibera." Nikamwahidi.

Jumamosi saa tano, uwanjani, walisimamisha hema mbili na viti vya plastiki. Safu ya mbele alikaa Musyoka, fulana nyeupe yenye njiwa kifuani, miguu ameikunja nne. Safu ya pili walikaa wale wa kamati ya Kibera, fulana zile zile. Nyuma yao wafadhili, na nyuma kabisa watu wa mtaa waliofuata harufu ya pilau. Nilijua bei ya nitakachofanya. Chumba cha Kongo kiko kwenye ploti anayoiangalia Musyoka. Cha Makina sina. Nikifungua mdomo sitakuwa na mlango wowote Nairobi nzima.

Nikaitwa. Nikakunja karatasi nikaiweka mfukoni.

"Mimi naitwa Nthenya," nikasema kwenye kipaza sauti. "Sikubadilishana nyumba na mtu. Mimi nilifukuzwa Makina. Mama huyu alifukuzwa hapa Kongo. Alilazimishwa kuniambia kwa simu nije, mtoto wake akiwa ameshikwa. Na aliyemshikia simu sikioni ni huyu hapa, mwenye njiwa kifuani. Ni Musyoka. Ni shemeji yangu. Nilimpa jogoo."

Watu wa nyuma wakapiga mbinja. Musyoka hakusimama, hakukasirika. Alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyezoea ukorofi wa familia. Marion alikuwa ameshafika, akaniondolea kipaza sauti mkononi kwa upole mwingi. "Mathee wetu amechoka, jameni, amepigwa na jua siku sita," akasema, na wafadhili wakacheka kwa adabu. Lakini mmoja wao, mzee wa miwani, hakucheka. Akanyoosha kidole kwa Awiti.

"Mama, aliyoyasema mwenzako ni ya kweli?"

Vichwa vyote vikamgeukia Awiti. Nikasema moyoni, sasa. Tukiwa wawili hawawezi kusema ni jua.

Awiti alichukua kipaza sauti. Alimtazama Musyoka. Kisha akatazama safu ya pili, akaipitia sura kwa sura, na mahali fulani macho yake yakasimama kidogo kabla ya kuendelea. Mimi hakunitazama.

"Mama Kavindu amesema yake, na hajachoka," akasema. "Mimi nina watoto watatu na chumba kimoja, na hicho chumba ni chake. Nikisema tulifukuzwa, yeye atarudi kwake, ni haki yake. Mimi hapa Kongo mtanipokea?"

Akangoja. Aliwangoja kweli, mzee wa miwani, Marion, kamati, watu wa pilau, kipaza sauti mdomoni. Mtoto mmoja akakohoa. Hakuna mtu mzima aliyejibu.

"Kwa hivyo nitasoma," akasema Awiti.

Akaifungua karatasi, akainyoosha kwa mkono, akasoma yote, upendo, hiari yetu, taifa, mpaka nukta ya mwisho. Na aliyeanza kupiga makofi alikuwa Musyoka.